Chupa ya Maji ya Bwawani

Kangemi, Nairobi
Jumapili, 9 Februari 2025

Mjomba Kiilu,

Shikamoo. Huku tunamshukuru Mungu. Maji ya mfereji yamerudi baada ya siku tisa, na kanisa letu hatimaye limepata mabati. Nilikutana na Mzee Mutiso wa hapo nyumbani akaniambia mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Yaani habari kama hiyo niisikie kwa jirani? Haya, hongera.

Najua utauliza kwa nini naandika barua na simu zipo. Nimekupigia mara sita. Ile simu yako haiwashwi mpaka mtu afe, kwa sababu ulisema mwenyewe simu ni ya matanga. Basi nimerudia njia yetu ya zamani: barua ndani ya kifurushi, na kifurushi ndani ya basi.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeacha kazi. Tafadhali usipige kelele kwanza, soma mpaka mwisho. Lile duka la vifaa vya uvuvi la Westlands nimeliaga, na sasa namimina vyambo vya mpira vyangu mwenyewe. Niko juu ya paa la jengo moja Kirinyaga Road, hapo kwa mafundi wa magari. Fundi mmoja wa ekzosi, Lazarus Sifuna, Mbukusu mwenye kelele lakini mkono wake ni wa dhahabu, amenichongea kalibu za alumini za mnyoo mrefu wenye mkia wa kujipinda. Uji wa plastiki ukiwa mbichi ni mweupe kama maziwa. Ukishika moto unaganda, halafu unayeyuka tena na kuwa wazi kama mafuta ya kupikia. Hapo ndipo natia rangi, matone tu, na glita kidogo, namimina. Ukizidisha moto unaungua na moshi wake unakata koo, lakini usijali, paa lina upepo.

Sasa sikia. Kuna bwana wa mtaa wa Karen anaitwa Quincy Omollo. Yeye na wenzake wanavua wale besi wa mdomo mpana, na tarehe 21 Juni wanafanya mashindano hapo hapo kwenye bwawa letu. Anataka vyambo mia tano, rangi moja, ile rangi ambayo besi wa bwawa hilo hawezi kuikataa. Akiridhika, chama chao kizima kitakuwa changu. Asiporidhika, nimeacha kazi bure, maana dukani wameshaajiri mwingine.

Hakuna anayejua bwawa hilo kukushinda. Nimekuwekea vyambo kumi na viwili: vinne kijani cha mbaazi mbichi, vinne zambarau iliyokolea, vinne vyeupe. Kila rangi iko kwenye mfuko wake. Usivichanganye, mjomba, nakuomba, mpira huu ukilala pamoja rangi zinahamiana. Nenda navyo majini kisha uniambie. Na unijazie chupa ya maji ya bwawa, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa msichana, nitumbukize chambo nione rangi inavyokaa ndani ya maji yenyewe. Macho yako ndiyo duka langu.

Pasaka uje huku. Nitakupikia.

Mpwa wako,
Mwelu


Kwa Mutiso, karibu na bwawa
24 Februari 2025

Mpwa wangu Mwelu,

Marahaba. Marahaba tena kwa sababu ya ile uliyosahau mwaka jana. Sisi tuko. Jua ni kali, mahindi yamekauka yakiwa yamesimama, lakini mbaazi zimejikaza. Mapacha wa mbuzi ni wazima, mmoja anapenda kula sabuni. Jirani yangu Mukonyo anakusalimu, bado anakaanga samaki pale njia panda na bado anajiona mwalimu wangu.

Umeacha kazi. Sitapiga kelele. Marehemu mama yako angepiga, na kwa kuwa hayupo, hesabu kwamba zimepigwa.

Vyambo nimevipata. Umemimina vizuri, havina mapovu, na mkia ni laini unavyotakiwa. Jumamosi nilishuka navyo bwawani. Wameonja. Bwawa ni lile lile, lina vichwa vyake, lazima mtu alizoee polepole. Nipe muda.

Wakati huo, hao watu wako wa Karen wafundishe kuvalisha ndoana, maana najua wanaiacha ncha nje inang'aa kama jino la dhahabu. Pale kwetu kuna visiki na magugu kila hatua. Ingiza ncha puani mwa mnyoo, itoe kidevuni, vuta mpaka jicho la ndoana lizame, geuza, pima kwa kidole, kisha izike ncha mgongoni. Mnyoo ulale umenyooka kabisa. Ukipinda hata kidogo utazunguka majini kama kichaa, na samaki hatafuni kichaa. Mimi naifanya hii nikiwa nimefumba macho.

Chupa nimesahau safari hii. Nitaleta.

Habari ya Pasaka iache. Nairobi nilikuja mara moja, unajua niliondoka na nini, na sirudi.

Mjomba wako,
Kiilu


Kangemi
Jumapili, 16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini yule mla sabuni hajafa. Mvua huku imeanza kutishia, mawingu yanakuja mpaka Loresho halafu yanarudi. Lazarus amepata mtoto wa kike, amemwita jina la mama yake, Nanyama, na tangu siku hiyo haongei jambo lingine. Huyo mama yake mwenyewe tumekula naye juzi. Alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana na sasa anashona vifungo vya shati bila miwani.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta rangi. Mbuzi nimemwona. Mukonyo nimemwona. Ndoana nimeiona. Rangi sijaiona! "Wameonja." Wameonja nini, mjomba? Kijani? Zambarau? Nyeupe? Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi nyumbani ukinieleza samaki aliuma saa ngapi na upande gani wa mdomo. Leo unaniandikia "wameonja" kama mtu aliyepita jikoni.

Quincy anapiga simu kila Jumatatu. Ni mtu mzuri, hana makuu, lakini anataka kuvijaribu mwenyewe mwezi wa tano. Kwa hiyo lazima nianze kumimina mwezi wa nne, na siwezi kumimina bila neno lako.

Na jambo lingine. Herufi zako zimekuwa kubwa kama tangazo la mkutano wa chifu, na mistari inapanda mlima. Uko salama? Ukiumwa niambie. Usinifiche.

Chupa, mjomba. Chupa.

Mwelu


Kwa Mutiso
22 Aprili 2025

Mwelu,

Pasaka imepita vizuri. Tumechinja kuku. Mvua imenyesha wiki tatu bila kupumzika, barabara ya sokoni imekatika, ndiyo maana nimechelewa. Nilitaka basi, nikakosa basi.

Mimi ni mzima. Peni ndiyo mbovu.

Rangi ni kijani. Hiyo ya mbaazi mbichi. Nimeijaribu asubuhi na jioni, na besi waliitafuna mpaka mikia ikakatika. Zambarau hawakuigusa, nyeupe waliicheka. Mimina kijani zote mia tano na usiogope.

Hii hapa chupa yako. Nimekufungia pia vyambo vitatu vya kijani vyenye ndoana, umwonyeshe huyo Quincy jinsi wanaume wanavyovalisha.

Usiandike sana, karani wa basi analalamika.

Kiilu


Kangemi
Jumapili, 18 Mei 2025

Mjomba Kiilu,

Shikamoo. Sote tuko salama, na leo sina salamu ndefu.

Nilimimina mia tatu. Chupa yako niliiweka dirishani, nikatumbukiza kijani, ikakaa ndani ya yale maji vizuri mno, laini, jua likipita katikati yake. Nilifurahi nikamwita Lazarus apande juu aone. Akasema, "Hii hata mimi ningeuma." Nikampelekea Quincy ishirini.

Jana alikwenda bwawani navyo. Jioni akanipigia nikutane naye Karen, maegesho ya magari pale madukani. Akafungua buti, akanirudishia vyote ishirini, na hata kimoja hakikuwa na alama ya jino.

"Mwelu, samaki hazioni hizi vitu zako," akaniambia. "Nimerusha kutoka saa kumi na mbili mpaka saa nane. Sijapata hata moja. Boti ya pili walikuwa na kitu nyeusi-nyeusi, wakapata kumi na moja."

Nikamwambia mjomba wangu amejaribu, mjomba wangu anaishi hapo. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. Akatoa simu akanionyesha picha za bwawa. Mjomba, bwawa ni kahawia! Ni kama chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni. Amesema limekuwa hivyo tangu mvua za mwezi wa nne. Amenipa mpaka tarehe 14 Juni nimletee kitu kingine, la sivyo atanunua kwingine.

Nilirudi nyumbani nikachukua chupa yako, nikaiweka mbele ya Biblia, nikasoma Zaburi nzima kupitia ndani yake. Maji haya ni safi. Umeniandikia mvua imenyesha wiki tatu mpaka barabara imekatika, halafu ukanijazia maji safi. Umeyateka wapi?

Tena kuna hili ambalo nilinyamaza nikidhani ni haraka. Uliandika umenifungia vitatu vya kijani. Ndoana zilikaa vizuri sana, sijaona mtu anayevalisha kama wewe, ndiyo maana sikuuliza. Lakini kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa zambarau.

Nirudishie vile tisa vilivyobaki, vyote, hata vilivyokatika mkia. Na unijibu swali moja tu: kuna nini?

Mwelu


Kwa Mutiso
26 Mei 2025

Mwelu,

Nani alikufundisha kushika uzi? Nani alikuchukua begani ukiwa na miaka sita ukaona samaki wako wa kwanza ukalia kwamba ana macho? Leo unanihoji kama askari wa kizuizini. Umeyateka wapi! Nimeyateka majini. Maji ni maji. Bwawa lina kona ishirini, kuna kona zenye tope na kona safi, na huyo Quincy wako alirusha kwenye tope kwa sababu mtu wa Karen anavua pale gari linapofika.

Zambarau niliitia makusudi ili uone tofauti.

Vyambo vyako hivi hapa. Utaona mwenyewe mikia iliyotafunwa. Sijapunguza kitu chako.

Kama umeona siku hizi mimi ni mwongo, tafuta mwingine, mji ni mkubwa. Na usianze kuniletea habari za kuja Nairobi, eti mama wa fulani anashona vifungo. Nimekuelewa tangu siku ile. Nilimleta dada yangu huko akitembea kwa miguu yake, nikarudi naye jenezani, kwenye gari lenye kitambaa chekundu mbele. Sitaki mazungumzo hayo.

Mbuzi ni wazima.

Kiilu


Kangemi
Jumapili, 1 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo, na hii shikamoo ni ya kweli hata kama yatakayofuata ni makali.

Nilimwaga mfuko wako juu ya meza nikaketi kitako. Vyambo tisa, vyote kwenye mfuko mmoja. Vile vyeupe, mjomba, siyo vyeupe tena. Vimekuwa rangi ya ufizi. Vimelaliana na zambarau vikanywa rangi yake mpaka ndani. Hilo haliwi kwa siku mbili wala tatu, linataka wiki nyingi kwenye giza, bila kutolewa. Mtu anayeshuka navyo majini asubuhi na jioni angeliona hilo siku ya kwanza. Mtu yeyote angeliona, hata mtoto. Wewe umenirudishia na kuniambia hujapunguza kitu changu.

Halafu mikia. Minne imekatika, ni kweli. Imekatika kwa wembe. Besi ana meno kama msasa, mjomba, wewe ndiye uliyenishika kidole gumba ukakipitisha ndani ya mdomo wake ili nijue. Akikata mkia huacha sehemu iliyokwaruzika. Hii minne imekatwa sawasawa kama soseji. Tena kati ya hiyo, miwili ni ya zambarau, ambayo uliniambia samaki hawakuigusa.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu juu ya paa nikifikiria umeketi na wembe ukinikatia mikia. Kisha nikalia mpaka Lazarus akapanda kuuliza kama nimeungua.

Nitalisema mimi, kwa kuwa wewe hutaki. Huoni. Sijui tangu lini, lakini huoni rangi, na pengine huoni mengi zaidi ya rangi. Ndoana unavalisha kwa vidole, kwa hiyo ndoana haikukusaliti. Ulidhani kila kitu kitaenda kwa vidole.

Sasa kuhusu mama. Miaka sita hatujalizungumza, leo tutalizungumza. Unasema Nairobi ilimchukua. Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa naye wodini. Daktari aliniuliza ameumwa muda gani, nikasema sijui, mama mwenyewe akajibu, miezi kumi na mitatu. Miezi kumi na mitatu! Na barua zake zote ninazo hapa kwenye sanduku, kila moja inasema, "ni uchovu tu." Wewe unaandika, "peni ndiyo mbovu." Nyinyi watoto wa nyumba ile mna ugonjwa mmoja, na siyo wa macho wala wa tumbo. Nairobi haikumchukua dada yako Kasiva. Alichukuliwa na kungoja. Nina hasira naye mpaka leo, Mungu anisamehe, na sitaki kuanza kuwa na hasira nawe ukiwa ndani ya udongo.

Nimekwenda kliniki ya macho hapa Westlands. Mama yake Lazarus alinishika mkono akanipeleka mwenyewe. Wamekuandika Jumatano, tarehe 11 Juni, asubuhi. Wamesema kama ni mtoto wa jicho anatolewa na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama ni kitu kingine, kila wiki unayokaa ni wiki ambayo hawawezi kukurudishia. Sijui ni kipi, na wewe hujui. Ndiyo maana silali.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vyambo saba, rangi saba tofauti, nimeviwekea namba kwa mafundo ya uzi, fundo moja mpaka mafundo saba, uhesabu kwa vidole. Sikuandika rangi. Niandikie wewe. Ukizipata zote saba, nitakuomba msamaha mbele ya kanisa zima na sitataja macho tena. Usimwulize Mukonyo.

Na mpaka nipate jibu, sitamimina hata tone. Quincy na aende. Najua nimeacha kazi kwa ajili ya hii, najua tarehe 14 iko mlangoni. Nilikwambia macho yako ndiyo duka langu. Nilikosea. Duka nitafungua lingine.

Mwelu


Kwa Mutiso
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mwelu,

Anayeandika ni Mukonyo. Maneno ni ya mjomba wako, ameketi hapa mbele yangu kwenye kiti cha kukaangia samaki na amenuna. Ameniapisha niandike anavyosema bila kuongeza chumvi. Mimi pia ndiye ninayemsomea barua zako tangu mwezi wa pili, unisamehe. Ile ya mwisho nilimsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alitoka nje katikati.

Sasa ni yeye.

Mpwa wangu, marahaba. Mbuzi wazima, mvua imepungua.

Tangu Januari sijashuka bwawani kuvua. Kabla hujaniandikia hata mara moja. Siku ya mwisho nilirusha ndoana nikasikia imeshika, nikadhani ni kisiki, nikavuta kwa nguvu. Haikuwa kisiki. Ilikuwa leso ya Mukonyo, begani, upana wa vidole viwili kutoka shingoni. (Ni kweli. Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe wakakimbia. – Mukonyo.) Alikuwa amesimama mahali ninapomwona kila siku, na sikumwona. Nilikunja uzi nikarudi nyumbani, nikaweka fimbo ya kuvulia juu ya dari.

Halafu barua yako ikaja inasema macho yangu ndiyo duka lako. Ningeandika nini? Niliandika wameonja. Kisha uongo mmoja ukaomba mwenzake. Maji ya chupa niliyateka kwenye tangi la bati, hapa uani. Nilisikia yanavyolia kwenye chupa nikajiambia maji ni maji. Vyambo vyako nilivitia kwenye mkebe mmoja siku ile ile vilipofika, kwa sababu mifuko yote mitatu kwangu ilikuwa mfuko mmoja. Kijani nilichagua kwa sababu zamani, wakati wa kiangazi, kilikuwa kinafanya kazi. Nimekugharimu vyambo mia tatu na jina lako kwa huyo bwana. Naona haya, Mwelu. Sijawahi kuona haya namna hii tangu nizaliwe.

Kuhusu mama yako. Nilijua. Alinikataza nisikwambie, na nikamtii kwa kuwa ni dada yangu mkubwa. Miezi kumi na mitatu nilijua, na nilikuwa namletea samaki ili apate nguvu. Kwa hiyo ukiniambia alichukuliwa na kungoja, hujui kwamba tulingoja wawili. Ndiyo sababu siwezi kuja huko. Siogopi kisu. Naogopa kuketi kwenye lile benchi nikakumbuka kwamba ningeweza kumleta mapema.

(Nimeenda kugeuza samaki. Nimerudi. – Mukonyo.)

Jana Mukonyo alinishika kiwiko tukashuka bwawani. Nimejaza chupa mwenyewe, nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikasikia tope likipita kati ya vidole. Haya ndiyo maji. Mukonyo anasema ni kahawia, huoni kidole upande wa pili. Maji ya namna hii, mpwa wangu, samaki haoni rangi, anaona kivuli. Mwangaza ukipita ndani ya chambo, kimepotea. Mimina kitu kizito, cheusi au zambarau iliyokolea mpaka isipitishe jua. Lakini usimimine kwa sababu nimesema. Shika chupa, tumbukiza, tazama, amua wewe. Una macho mazuri. Uliona wembe.

Sasa mtihani wako. Nimeketi navyo tangu asubuhi, juani, kivulini, na juani tena. Nimejaribu kuvinusa. Mukonyo hakunisaidia hata kidogo, ana roho ya chuma.

Fundo la kwanza: sijui.

La pili: sijui.

La tatu: ni hafifu, labda nyeupe, labda njano. Andika sijui.

La nne: sijui.

La tano: sijui.

La sita: sijui.

La saba: hii ni nyeusi. Mukonyo, ni nyeusi? Haya. Sijui.

Nitapanda basi la Jumanne asubuhi. Chupa nitaishika mapajani njia nzima, sitaikabidhi kwa karani. Mukonyo ataniingiza ndani ya gari na kumwambia dereva anishushe mwisho kabisa. Utakaponiona nashuka, usisimame mbali ukinipungia mkono. Njoo karibu uniite jina.

Kiilu